Kituo cha kazi kinabadilishwa kwa ujumbe wa simu, gharama tunabeba sisi: malalamiko ya rubani mpya wa ndege ndogo, Malindi

Assalaam aleikum waungwana, na salamu kwenu nyote.

Ninaandika kutoka Malindi, katika chumba cha kupanga mtaa wa Maweni ambamo tunaishi marubani watatu, na ninaandika kwa hasira niliyoimeza kwa miezi minane. Mimi ni rubani msaidizi wa ndege ndogo za abiria, mzaliwa wa Lamu. Mwajiri wangu sitamtaja jina, kwa kuwa haya yananiumiza mimi lakini wenzangu wa kampuni nyingine wananisimulia yale yale, na sitaki mjadala uishie kwenye kampuni moja ilhali ugonjwa ni wa wengi.

Jambo langu ni kituo cha kazi. Kwa asiyeijua kazi hii, kituo ni pale ambapo zamu yako inaanzia na kuishia. Ukilala nje ya kituo, kampuni inakulipia malazi, chakula na posho. Ukilala kituoni hulipwi chochote, kwa sababu unahesabiwa kuwa uko kwako. Kwa hiyo anayeamua kituo chako ni kipi ndiye anayeamua mshahara wako utabaki kiasi gani mwisho wa mwezi, na kwetu sisi tulio wapya kazini anayeamua ni mtu mmoja ofisini, peke yake, bila kuuliza.

Mkataba wangu niliutia sahihi Nairobi. Ulisema kituo ni uwanja wa ndege wa Wilson "au mahali pengine popote kampuni itakapoona panafaa", na maneno hayo ya mwisho niliyapita haraka kama anavyoyapita kijana yeyote aliyekaa mwaka mzima akitafuta kazi. Nikapanga chumba karibu na uwanja, nikalipa kodi ya mwezi na amana ya miezi miwili. Wiki ya sita, Jumapili baada ya Isha, uliingia ujumbe kwenye kundi letu la simu: kuanzia Jumanne, kituo changu ni Malindi, kwa sababu msimu wa watalii umeanza na ndege moja italala huko. Amana ilipotea, kwani mwenye nyumba naye alikuwa na mkataba wake. Nilipoomba kiti katika ndege yetu wenyewe inayokwenda Malindi, nilijibiwa kwamba viti vyote vimeuzwa. Nilipanda basi la usiku mpaka Mombasa, nikaunga na matatu mpaka hapa, na kesho yake asubuhi nikaingia zamu.

Hapo bado sijafika penye uchungu wenyewe.

Mara kwa mara ndege inalala Lamu ili iwahi abiria wa kwanza asubuhi. Ratiba ikisema hivyo, kapteni analipiwa hoteli na posho. Mimi silipwi. Nilipoandika kuuliza, jibu lilikuwa kwamba Lamu ni kwetu, nitalala kwa mama. Tafadhalini lifikirieni jambo hili. Kituo changu kwenye karatasi ni Malindi, nimelala nje ya kituo kwa amri ya kazi, na haki yangu inafutwa kwa sababu ya mahali nilipozaliwa. Angekuwa rubani mzaliwa wa Kisumu au Eldoret angelipwa. Mama yangu amefanywa hoteli ya kampuni bila kuulizwa, na wala hajatumiwa hata shilingi ya sukari.

Tena uwanja wa ndege wa Lamu uko kisiwa cha Manda, si Lamu mjini, na hakuna njia ya kufika isipokuwa kuvuka maji. Saa kumi na moja alfajiri boti za abiria hazijaanza kazi, kwa hiyo ni lazima ukodi boti nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Nauli hiyo ninaitoa mfukoni. Mwezi uliopita maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Nikavua viatu, nikakunja suruali ya sare mpaka magotini, nikakanyaga tope kuifuata boti huku baba akinimulikia kwa tochi kutoka nyuma na kunibebea mkoba wenye daftari langu la safari. Nilifika Manda, nikanawa miguu kwenye bomba la nje, nikavaa soksi zilizolowa, nikaenda kukagua ndege. Baada ya nusu saa nilikuwa nimekaa mbele ya abiria kumi na wawili ambao waliamini kwamba rubani wao ameamka vizuri.

Baba hakusema kitu alfajiri ile. Yeye alikuwa nahodha, na boti yake ndiyo aliyoiuza ili mimi nifike saa 200 za kuruka zinazohitajika kwa leseni ya biashara. Kwa wazee wa Lamu neno rubani ni la zamani kuliko ndege. Lilikuwa la yule mjuzi wa mikondo na miamba anayeongoza chombo kuingia bandarini, na mtu huyo aliheshimiwa, alilishwa, na aliachwa alale, kwa sababu kila mtu chomboni alijua kwamba akikosea yeye wamekwisha wote.

Kulala ndiko kunakonitia hofu kuliko fedha. Chumba chetu cha Maweni kina feni moja na taa moja. Mmoja wetu anarudi saa nne usiku, mwingine anaamka saa kumi alfajiri, na wa tatu yuko katika zamu ya kusubiri, maana yake simu yake haizimwi na ikilia anatakiwa awe uwanjani ndani ya saa moja. Saa zetu za kuruka na za mapumziko zimewekewa mipaka na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye karatasi mipaka hiyo inazingatiwa. Lakini karatasi haijui kwamba yale mapumziko niliyaandikiwa nikiwa ndani ya basi, wala haijui kelele za chumba cha watu watatu.

Tusisubiri tufundishwe na msiba. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, kampuni ya safari za mikoani huko Marekani, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema sababu kuu ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea, na sitaki kuongeza nisichokijua. Hata hivyo walichunguza pia usingizi wa wale marubani wawili, na ikabainika kwamba rubani msaidizi, mwenye mshahara mdogo, alisafiri kwa ndege usiku kucha kutoka Seattle alikokuwa akiishi kwenda Newark kilikokuwa kituo chake, kisha akaingia kazini. Mwaka 2010 Bunge lao lilipitisha sheria iliyogusa mafunzo ya marubani na uchovu wao. Niliposoma habari ya yule dada nilifunga simu nikatoka nje, kwa sababu safari yake ile ya usiku nilikuwa nimeisafiri mimi pia, kwa basi.

Tukilalamika tunaambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumeinama. Lakini kuinama ili ujifunze kazi ni jambo moja, na kuinamishwa ili mgongo wako uwe ngazi ya mtu kupunguza gharama zake ni jambo jingine. Wanajua tumefungwa. Leseni ya juu ya ukapteni wa ndege za abiria inataka saa 1,500, na saa hizo huzipati bila kuajiriwa. Juu ya hayo tumetia sahihi deni la mafunzo ya kurusha aina ya ndege ya kampuni, linalotufunga kazini kwa muda, miaka miwili kwa upande wangu, na ukikataa uhamisho unaambiwa umevunja mkataba, ulipe lote kwa mara moja. Na mlangoni wako vijana wengi wenye leseni na hawana kazi, jambo ambalo bosi wetu wa ratiba hutukumbusha kila anapokosa hoja. Makapteni wengine ni waungwana, na mmoja aliwahi kunigawia chumba chake cha hoteli kule Lamu nilipokuwa na homa, lakini haki yangu haiwezi kutegemea huruma ya kapteni.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi ueleze mahali pa kazi, na inataka mabadiliko ya mambo hayo yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na aarifiwe kwa maandishi. Sijui ni mashauriano gani yanayofanyika Jumapili usiku katika kundi la simu ambalo wafanyakazi wa kawaida hawaruhusiwi kujibu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha za kutosha kulipia kodi, isipokuwa pale mkataba unaposema kwamba kodi imo ndani ya mshahara. Bila shaka mkataba wetu unasema hivyo. Lakini kodi iliyomo ni ya nyumba ngapi? Mwezi ule nililipia mbili, na Lamu nikalipia boti.

Ninachodai si hoteli ya kifahari. Kituo kitajwe kwa jina katika mkataba. Kikibadilishwa, tupewe notisi ya mwezi mmoja na gharama za kuhama, zikiwemo amana inayopotea na kiti katika ndege yetu wenyewe. Na mtu anapolala nje ya kituo kwa amri ya kazi alipwe kama wenzake, awe amezaliwa hapo au hakuzaliwa hapo.

Nimekwisha kumwona afisa wa kazi hapa Malindi, naye ameniambia nilete mikataba zaidi ya mmoja ili ionekane kwamba hili si tatizo la mtu mmoja. Kwa hiyo ninawaomba marubani wapya mlioko Pwani, Wilson, Kisumu au popote: tazameni kifungu cha kituo katika mikataba yenu, nakilini maneno yake hapa kama yalivyo, bila jina lenu wala la kampuni, na mseme mlipewa siku ngapi za kuhama. Mimi nilipewa mbili.