Naomba ushauri: kitabu cha kuponi za kasino Las Vegas kinalipa?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Dodoma, mwezi ujao nina safari ya Las Vegas na mfuko si mnene. Mwenyeji wangu kule anasisitiza ninunue kitabu cha kuponi za kasino: bufee mbili kwa bei ya moja, na zile za kuongezea dau, yaani unaweka dola 10 mezani, ukishinda unalipwa kama uliweka 20. Sasa nasafiri peke yangu, sahani ya pili nimlishe nani? Kamari yenyewe siipendi kihivyo, na bufee nyingi zilifungwa tangu 2020. Kadi ya uanachama ya kasino ni bure, nayo ina ofa zake. Mliowahi kukitumia, hela inarudi kwa msosi tu?