Fleti ya zamani Makadara, Mombasa: nitoe rubuni Ijumaa au ningoje?

Mke wa Baharia
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, nimepanga Bondeni miaka 11. Dalali amenionyesha fleti ya vyumba viwili Makadara, ghorofa ya tatu, jumba lenyewe limejengwa kabla sijazaliwa. Kuta ni nene, upepo wapita dirisha hadi dirisha, na watoto wataenda madrasa bila kuvuka barabara. Bei ni milioni 4.3. Muuzaji ataka rubuni ya asilimia 10, yaani 430,000, kabla ya Ijumaa, asema kuna mwengine anangoja. Nyumba ni ya marehemu babake. Wako ndugu watano, yeye ndiye mkubwa na hati anayo mkononi.

Dari ya jikoni ina doa la maji, na chini ya roshani chuma kimeanza kuonekana. Dalali asema nyumba zote za zamani ziko hivyo, lipu na rangi yatosha. Mume wangu yuko melini, atarudi baada ya miezi minne. Nyumba kuukuu siiogopi. Naogopa kupoteza jasho lake naye hayupo.

Karani wa Zamani
Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi afisi za mawakili hapa Mombasa miaka mingi, na kilichonishtua si kutu, ni hilo neno "marehemu babake". Kushika hati si kumiliki nyumba. Huyo mkubwa ni mmoja wa warithi tu. Lazima mahakama iwe imetoa usimamizi wa mirathi, na usimamizi huo uwe umethibitishwa. Kabla ya hapo sheria ya Kenya hairuhusu ardhi wala nyumba ya marehemu kuuzwa. Ukimlipa leo umemlipa mtu asiye na cha kukuuzia. Mwambie akuonyeshe cheti cha uthibitisho chenye majina ya warithi.

Kisha fanya sachi, yaani uchunguze daftari la afisi ya ardhi, kwa nambari ya hati. Utaona jina la mwenyewe, kama kuna benki iliyoshika hati, na kama kiwanja ni lisi, yaani kimekodishwa kwa muda maalumu, imebaki miaka mingapi. Lisi ya miaka 99 iliyotolewa zamani yaweza kuwa ukingoni. Ulizia pia kama kiwanja ni wakfu, maana mji wetu una viwanja vya wakfu na mali ya wakfu haiuzwi kama mali nyengine. Tena hiyo hati aliyonayo ni ya jumba zima au ya fleti hiyo peke yake? Sheria ya mwaka 2020 yataka kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti wawe na shirika lao la kusimamia jumba. Kama halijafanywa, kazi hiyo na gharama yake itakufuata wewe.

Fundi wa Zege
Dadangu, doa la jikoni laweza kuwa bomba la jirani wa juu tu. Roshani ni habari nyengine. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hupenya zege polepole hadi kufika kwenye chuma. Chuma kikishika kutu hufura, kikifura huisukuma zege mpaka ipasuke na kumeguka. Ukikiona nje, jua ndani kazi ilianza zamani. Lipu itaficha tu, na siku moja kipande kitamwangukia mtoto wa watu huko chini. Gonga kwa nyundo ndogo. Ukisikia mlio wa mtungi mtupu, zege imeachana na chuma. Dawa ni kubomoa palipooza, kusafisha chuma au kukibadilisha, na kumwaga upya.

Panda mpaka paani uone maji yanatuama wapi. Shuka chini pia, kama kuna duka, uangalie kama kuna ukuta au nguzo iliyobomolewa au kukatwa. Kwa nguzo usinisikilize mimi, lipa mhandisi aliyesajiliwa.

Jirani wa Tudor
Mimi nilinunua kama wewe, miaka minane iliyopita. Hati safi, kuta safi, na hakuna aliyeniambia habari ya karo, lile shimo la maji machafu. Tuko fleti 12 na karo moja. Lilipojaa nilizunguka mlango kwa mlango kuchanga pesa za gari la kunyonya. Watano walitoa. Wengine ni wapangaji, wenye nyumba wako ng'ambo hawashiki simu. Wa juu kabisa aliniambia kule kwake halimfikii. Wiki mbili tulipita ngazini tumeziba pua, na mamangu alikuwa mgonjwa ndani. Mwishowe nililipa mwenyewe, na nimelipa mara mbili tena baadaye.

Kwa hivyo uliza nani anashika daftari la michango. Uliza maji ya bomba huja siku gani, tangi ni lako au la wote, na stima ya pampu hulipwa na nani. Kisima cha chumvi ni cha kuoshea. Ya kunywa utanunua kwa mkokoteni, na kupandisha mitungi ghorofa ya tatu kuna bei yake. Nenda baada ya isha, dalali asiwepo, uzungumze na wanawake wa jumba hilo.

Kijana wa Ganjoni
Weka kando pia ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4 na hulipwa na mnunuzi. Kwa bei hiyo ni 172,000, wakili bado. Na siku ya rubuni ikifika, pesa zikae kwa wakili, zisipitie mkononi mwa dalali.

Mke wa Baharia
Nimerudi, ni wiki ya pili sasa. Sachi imetoka, jina bado ni la marehemu. Nilipomwomba muuzaji cheti cha mahakama alinyamaza, kisha akasema nduguze hawana neno. Nikamtafuta dadake Kisauni. Maskini, hakujua kama nyumba inauzwa. Alilia mbele yangu.

Rubuni sikutoa. Nimewaambia wakimaliza mirathi nitanunua, bei ipunguzwe gharama ya roshani. Huyo dada sasa ataka kwenda Mahakama ya Kadhi. Mzee Karani, abebe nini?

Karani wa Zamani
Cheti cha kifo cha baba, vitambulisho vya warithi, nakala ya hati, na barua ya chifu inayowataja warithi wote, mke wa marehemu pia kama yuko hai. Asiende peke yake. Awaite wenzake, na huyo kaka mkubwa wamwite pia.