Kabati la nguo la kujengea: upana sm 184, dari sm 250, nyuma yake bafu

MgeniWaMbao
Habari zenu wakuu. Nataka kujitengenezea kabati la nguo chumbani kwa MDF (bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa) ya mm 18. Nafasi iko katikati ya kuta mbili, upana sm 184, na dari la jipsamu liko sm 250. Upande wa pili wa ukuta wa nyuma ni bafu, na nyumba iko Tanga, karibu na bahari. Nimepanga kina sm 45 ili chumba kisibanwe, na liwe boksi moja la sm 245 kwenda juu. Zinahitajika bodi ngapi? Kila mlango bawaba ngapi?

Randa_na_Patasi
Mkuu, kabla hujanunua chochote badilisha vipimo viwili.

Kina cha sm 45 hakitoshi. Henga yenyewe ina sm 42 hadi 45, na shati likishavaa henga mabega yanazidi hapo, kwa hiyo mlango hautafunga. Ndani ziwe sm 58. Kama chumba ni kidogo mno, basi nguo zitundikwe zikitazama mbele.

La pili ni boksi moja la sm 245. Utaliunga likiwa limelala sakafuni, halafu ulisimamishe. Likiwa linainuka, kwa kina cha sm 58 kona hadi kona ni karibu sm 252, na dari ni 250. Litagota. Tengeneza maboksi mawili ya upana sm 90 na urefu sm 230, uyasimamishe juu ya kitako cha sm 10. Juu inabaki sm 10, unaziba kwa kipande. Pembeni kunabaki sm 2 kila upande, nako unaziba kwa kipande kinachochongwa kufuata plasta, maana kuta zetu ni nadra kuwa timazi. Pima upana mahali 3, chini, katikati na juu, na ufuate kipimo kidogo kuliko vyote. Usiibane hiyo sm 2 ya pembeni, ndiyo inayoupa mlango nafasi ya kufunguka bila kukwaruza ukuta.

Bodi za futi 4 kwa 8:
- ubavu 4 (mm 2300 × 580): bodi 2
- juu na chini, vipande 4 (mm 864 × 580): bodi 1
- milango 4 (mm 2294 × 446): bodi 2
- kigawanyo kimoja na rafu 5 za mm 423 × 560: bodi 1
- migongo 2: plaiwudi ya mm 3, bodi 2

Ni 6 nene na 2 nyembamba. Ukitaka droo, ongeza moja nene. Rafu usizipitishe mm 864 bila kigawanyo. MDF ya mm 18 ikibeba nguo zilizokunjwa kwa upana huo inapinda tumbo.

Bawaba ni 4 kwa kila mlango, jumla 16, zile za kikombe cha mm 35 kinachozama kwenye tundu nyuma ya mlango. Ya juu na ya chini zikae sm 10 kutoka mwisho. Ukingo wa tundu uwe mm 4 hadi 5 kutoka ukingo wa mlango, kina chake mm 12 na nusu. Ukizidisha unatokea upande wa mbele.

Fundi_Pwani
Vipimo nakubaliana navyo, ila kwa ukuta wa bafu mimi maboksi ningefanya plaiwudi ya marini (ile ya gundi inayostahimili maji), MDF nibakize kwenye milango tu. MDF ikishanyonya maji inavimba, na hairudi hata ikikauka.

Vyovyote utakavyochagua, pima ukuta kwanza. Bandika nailoni ya sm 50 kwa 50, tepu pande zote nne, uiache siku 2. Matone yakikaa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani: rekebisha bomba au vigae vya bafu ndipo urudi kwenye kabati. Yakikaa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumba tu. Hata ukuta ukiwa mkavu, acha sm 3 nyuma na utoboe matundu ya hewa chini na juu ya mgongo, la sivyo nguo zitaota ukungu wakati wa masika.

Kitako kiwe cha zege au tofali, ukibandike vigae. Tunadeki kwa maji mengi, na kitako cha MDF kinaanza kuumuka kwa chini. Mchwa nao wakipanda unawaona mapema.

MgeniWaMbao
Asanteni sana. Na skrubu? Nimeambiwa nyeusi za jipsamu zinafaa.

Randa_na_Patasi
Hizo zinakatika shingo. Chukua za mbao, mm 4 × 50, na utoboe kwanza kwa biti ya mm 3, sm 5 au zaidi kutoka mwisho wa kipande. Ukingo wa MDF usipotobolewa unapasuka katikati kama mkate. Paka na gundi ya mbao.

Milango ipakwe rangi pande zote mbili, idadi ya mikono ileile, na kingo zifungwe. Upande mmoja ukiachwa mtupu unavuta unyevu peke yake na mlango unapinda. Mabomba ya kutundikia yakae sm 100 na sm 200 kwenda juu, sm 29 kutoka mgongoni. Kwa magauni marefu na kanzu, toa la chini.

Fundi_Pwani
Na ufunge maboksi ukutani kwa juu, plagi za mm 8, kabla ya kuning'iniza milango. Milango minne ikifunguliwa pamoja, uzito wote unakuja mbele.