Zinki na risasi ndani ya chokaa: ni magma au maji ya chumvi?

Mkazi_wa_Kondele: Wakuu, tangu jana tunabishana hapa Kisumu. Mimi nasema madini ya zinki na risasi yaliyomo ndani ya miamba ya chokaa, kama yale ya Missouri, Marekani, hayakuletwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Yalibebwa na maji ya chumvi kali yaliyokuwa yakipita kwenye mashapo. Ushahidi ni isotopu, yaani aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Mwenye hoja alete, kelele za baraza aache nyumbani.

Jiwe_la_Nakuru: Kelele? Sisi tulio chini ya volkano ya Menengai tunaona mvuke ukitoka ardhini kila asubuhi. Moto usipokuwapo chini, madini yatapikwa na nini? Nyinyi mnashika vitabu, hamshiki jiwe.

Mwl_Kemia: Ndugu yangu wa Nakuru, maji hayo yalikuwa na nyuzi joto 75 hadi 200 hivi za Selsiasi. Kina kirefu chenyewe kinatosha kuyapasha. Tazama isotopu za risasi ya Joplin, hukohuko Missouri: risasi-206 na 207 hutokana na kuoza kwa urani, 208 hutokana na kuoza kwa thori, 204 haiongezeki. Pale 206, 207 na 208 zimezidi mno, hata ukikokotoa umri unapata tarehe ambayo bado haijafika! Ziada hiyo iliokotwa njiani, kwenye miamba yenye urani na thori. Halafu salfa iliyo kwenye madini ya Navan, Ayalandi, nyingi ni ya isotopu nyepesi, kazi ya bakteria waliotumia salfeti ya bahari. Bakteria hawaishi ndani ya magma, hata mtoto wa darasa la nne anajua.

Jiwe_la_Nakuru: Mimi ndiye mtoto wa darasa la nne? Nimechimba visima Subukia wewe ukiwa bado unanyonya. Heshima kwanza, mwalimu.

Nyar_Migori: Hilo la kushika jiwe limeniuma. Babu yangu alifanya kazi mgodi wa Macalder, huku Migori. Shaba ilitoka, dhahabu ikatoka, na zinki imo. Chokaa iko wapi pale? Ni miamba ya volkano.

Mwl_Kemia: Dada, Macalder ni hazina ya madini ya aina nyingine kabisa, na hakuna aliyeikataa. Mada ni chokaa.

Nyar_Migori: Kila tukitaja kwetu tunaambiwa si mada.

Mkazi_wa_Kondele: Haya, chokaa: Kabwe, Zambia. Dolomiti tupu, mwamba wa jamii ya chokaa, na ndani yake zinki na risasi.

Mama_Ahero: Na watoto wa Kabwe wana risasi kwenye damu mpaka leo, ilhali mgodi ulifungwa 1994. Mnapigania ilikotoka mamilioni ya miaka iliyopita, wanaoivuta na vumbi leo hamuwataji!

Mwl_Kemia: Mama, isotopu hizohizo ndizo zinazotumika kutambua risasi ya damuni imetoka kwenye udongo wa mgodi, rangi ya nyumba au petroli. Si mchezo wa vitabu.

Nyar_Migori: Basi njooni mpime Macalder. Yale malundo ya mchanga wa mgodi yapo, na watu wanayaosha wakitafuta dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu.

Jiwe_la_Nakuru: Kwa hilo niko nawe, dada. Lakini mwalimu bado hajaniomba radhi.