Naombeni ushauri: Jumapili natoa ushuhuda kanisani, woga umenishika

Binti Sayuni
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 31, niko Dodoma, naimba kwaya. Nilisumbuliwa muda mrefu na ugonjwa ambao sitautaja, lakini Mungu amenitendea. Mchungaji ameniomba Jumapili nisimame nitoe ushuhuda. Kutakuwa na wageni na ibada itarekodiwa. Tatizo ni woga. Nikiwaza kushika kipaza sauti moyo unaenda mbio, usingizi hamna. Naombeni maandiko ya kunipa ujasiri na mbinu za kuongea mbele za watu. Matusi sitaki.

Kipara Ngoto
Usiwaangalie machoni, angalia saa ya ukutani. Mimi nilipewa ushereheshaji kwenye harusi ya shemeji yangu nikasahau jina la bwana harusi. Nikamwita "mhusika" mpaka keki inakatwa. Hakuna aliyekufa.

Mama Area C
Yoshua 1:9 na 2 Timotheo 1:7. Soma kwa sauti asubuhi na jioni. Mungu hakutupa roho ya woga, mpendwa.

Fundi Majiko
Ugonjwa gani? Ushuhuda bila ugonjwa ni hotuba.

Binti Sayuni
Fundi, nimeomba maandiko, sijaomba vipimo.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mimi nimekwama hapo kwenye "usingizi hamna". Tangu lini? Na mchana unasikia uchovu? Kama kuna dawa ulikuwa unatumia, itaje.

Binti Sayuni
Haya, kwa kuwa mmeng'ang'ania. Ni baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno au kushuka mno, iligundulika nikiwa chuo. Nilikuwa natumia lithiamu. Sijaacha, nimepumzisha. Tuliingia mfungo mkavu wa siku tatu, hata maji hatunywi, mikono ikaanza kutetemeka. Nikatapika, nikawa napepesuka kama mlevi. Mchungaji akasema hilo ni pepo linatoka, na nikiendelea kumeza vidonge nalikaribisha tena. Nilipoacha, mtetemeko ukaisha. Mnaelezaje hilo? Na tangu hapo niko vizuri kuliko wakati wowote: usiku natunga nyimbo, nimejaza daftari zima, asubuhi naingia darasani sijachoka. Nimeshaahidi na gauni limeshashonwa, sasa nirudi nyuma kwa lipi?

Mchaga Halisi
Kumbe! Haya makanisa ya siku hizi ni biashara. Fungu la kumi ulitoa? Basi umeshalipia ushuhuda wako.

Kipara Ngoto
Uzuri uko Dodoma. Hospitali ya akili ya Mirembe hata nauli ya kukufikisha ni ndogo.

Nesi Mstaafu
Kipara, hapo umekosa adabu. Hao unaowacheka tumewauguza wakarudi makazini wakawa mabosi wa watu kama wewe.

Binti, umeuliza tunaelezaje. Lithiamu ni chumvi. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, na zinaitoa kwa kutegemea maji na chumvi uliyonayo. Ukikaa siku nzima bila maji, figo zinaibakiza, inapanda kwenye damu. Mikono kutetemeka, kutapika, kupepesuka: ndivyo mwili unavyosema dawa imezidi. Ulipoacha ikashuka, ukatulia. Ungeendelea kumeza huku hunywi maji, tungekuwa tunaongea mengine.

Ila sasa uko kwenye hatari ya pili. Lithiamu ikikatwa ghafla ugonjwa hurudi, na mara nyingi hauji na huzuni. Unakuja na nyimbo za usiku. Usirudie dozi ya zamani kwa kukisia. Nenda kliniki kesho, waambie habari ya mfungo, wapime damu na figo, wao ndio wakuambie uanzie wapi.

Mzee wa Korogwe
Mnanikumbusha kaka yangu, Mungu amrehemu. Alipelekwa Lutindi, huko milimani kwetu, hospitali ya akili ya Walutheri. Pale palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliotolewa utumwani, baadaye ndipo pakawa pa wagonjwa wa akili. Asubuhi wanasali, kisha dawa, kisha kazi za mikono. Kaka alirudi anajua useremala, kabati alilonitengenezea ninalo mpaka leo, ingawa mlango mmoja umeanza kushuka. Sikuwahi kusikia mtu pale akiambiwa achague kati ya sala na kidonge. Haya mambo ya kuchagua yametoka wapi?

Mpelelezi wa Mtaa
Wakuu, mnakunywa chai ya rangi bila vitafunwa. Mtu ambaye halali anaandika aya zilizonyooka hivi, na koma zimekaa mahali pake? Huyu anatafuta mchungaji wa kumchafua, au anaandika tamthilia. Kwanza kajiunga mwezi huu.

Mchaga Halisi
Hata mimi hilo gauni lilinitia shaka.

Binti Sayuni
Kwa hiyo mgonjwa wa akili hajui koma? Nafundisha Kiswahili darasa la sita. Nimejiunga mwezi huu kwa sababu jina langu la zamani wafanyakazi wenzangu wanalijua. Unataka ushahidi? Siku ya kupima lithiamu unatolewa damu asubuhi kabla ya kumeza dozi, zikiwa zimepita saa kumi na mbili tangu ile ya usiku. Muuguzi wa zamu akikuambia "meza tu kwanza", safari imeharibika. Kayatunge na hayo.

Nesi Mstaafu
Hiyo ni kweli tupu. Mpelelezi, kalale.

Msomaji wa Somo
Mimi ni Mwanglikana, nasoma somo la kwanza Jumapili, na kila mwezi nachomwa sindano ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaonifanya nisikie sauti. Sauti hazijaisha zote. Kuna Jumapili nasoma Isaya huku moja inanicheka, nami nasoma juu yake.

Dada, umeomba maandiko. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya kalala chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumwambia ana pepo wala imani yake ni ndogo. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akapewa tena. Wewe uliambiwa usinywe maji. Kisha soma Zaburi 88, ile inayoishia gizani bila "haleluya", na bado imo ndani ya Biblia. Ushuhuda wangu mimi ni kwamba nipo, na tarehe ya sindano inakaribia. Haupigiwi makofi.

Binti Sayuni
Nimeisoma 88. Sikujua inaishia vile. Lakini nikienda kliniki kesho, Jumapili nitasema nini? Nitaonekana mwongo mbele ya kwaya nzima.

Msomaji wa Somo
Jumapili unaweza kuugua malaria. Wakiuliza, ni mgonjwa, na si uongo.

Nesi Mstaafu
Nyumbani uko na nani?

Binti Sayuni
Peke yangu. Dada yuko Morogoro, nimempigia sasa hivi, anakuja na basi la alfajiri. Kliniki nitaenda naye. Ushuhuda sijasema sitoi, msinisemee.

Mtumishi 77
Shalom. Nimesoma kichwa cha uzi tu. Kuhusu woga, mpendwa, funga siku tatu kavu.

Fundi Majiko
Mtumishi, rudi juu usome kwanza. Tafadhali.