Acheni kuita hesabu ya pete "umri wa mti"

Wakuu, inatosha sasa. Kila mara mtu anatupia picha ya kijiti cha mninga (kipande chembamba cha mbao kilichotobolewa kutoka kwenye shina), kila pete, yaani duara la ukuaji la mwaka mmoja, kaiwekea nukta ya kalamu, anatangaza mti una miaka 143. Kijiti kimoja! Ukimuuliza kuhusu pete zilizokosekana, anajibu kwamba amehesabu mara tatu. Hata uhesabu mara mia, pete isiyokuwepo haihesabiki.

Mwaka wa ukame mkali mti hauna chakula cha kulisha kambiamu yote, yaani tabaka chini ya gome linalojenga mbao mpya. Huko juu karibu na matawi pete itajengeka, lakini chini ya shina isijengeke kabisa, au ijengeke upande mmoja tu. Na sisi tunatoboa wapi? Chini, usawa wa kifua, keekee inapofika. Kusini-magharibi mwa Marekani, ukame wa 2002 uliacha misonobari mingi bila pete ya mwaka huo. Anayehesabu kutoka kwenye gome kwenda ndani ataiita pete ya 2001 kuwa ya 2002, na zote za ndani zaidi zinakosewa mwaka mmoja. Ukame mwingine huko nyuma ukila pete nyingine, kosa linakuwa miaka miwili.

Dawa inajulikana tangu 1911, mtafiti wa pete za miti Douglass alipoona mpangilio wa pete finyu wa misonobari ya Prescott unafanana na wa Flagstaff, miji miwili ya Arizona, Marekani. Linganisha miti! Toboa kama 20 ya eneo moja, vijiti viwili kila mti. Gundisha kijiti kwenye ubao wenye mfereji, nyuzi zake zikisimama wima, la sivyo mipaka haitaonekana hata kwa hadubini. Piga msasa kuanzia namba 120 hadi 400, na 600 kwenye pete finyu.

Kisha chukua karatasi ya grafu. Mwaka mmoja mstari mmoja, na kadiri pete ilivyo finyu kuliko jirani zake, ndivyo mstari unavyokuwa mrefu. Pandanisha grafu za miti miwili kuanzia kwenye gome. Zitakwenda pamoja, halafu kuanzia mahali fulani moja itapishana na mwenzake mwaka mmoja hadi mwisho. Hapo ndipo pa kutafuta pete iliyokosekana, tena kwenye mbao yenyewe. Mwenye kisahani kizima cha shina ana nafuu: azungushe jicho duara lote, mara nyingi pete iliyopotea huibuka upande wa pili ikiwa safu mbili tatu za seli. Ukithibitisha, andika upana 0 kwenye mwaka huo. Kugawa pete nene nusu kwa nusu ili hesabu ikae ni uongo.

Wazee wa programu nao wasijifiche. COFECHA, programu ya kukagua ulinganishaji wa pete, hukata mfululizo wa vipimo vya pete vipande vya miaka 50 vinavyopishana kwa 25, na uwiano wa kipande na miti mingine ukiwa chini ya 0.3281 hukuwekea alama. Alama hiyo inakurudisha kwenye hadubini. Kuna watu wanachomeka sifuri mpaka namba ipendeze bila kugusa mbao tena. Uhuni mtupu.

Na msilete kanuni za misonobari kwenye miti yetu kichwa kichwa. Mninga wa Zimbabwe umeshapangwa mwaka kwa mwaka, lakini pete yake huanza na mvua za mwishoni mwa mwaka na kumalizikia mwaka unaofuata; kusini mwa ikweta huandikwa mwaka ilipoanza. Usipotaja utaratibu uliotumia, mwaka mzima unapotea bure. Mtarakwa wa Kenya, penye mvua za vuli na masika, unaweza kutoa pete mbili kwa mwaka, kosa likaelekea upande wa pili: mti unazeeshwa. Mpaka wa kweli hukatika ghafla upande wa nje. Wa uongo hufifia taratibu.

Mwenye hela ya maabara ahakikishe mwaka wa pete kwa kupima kaboni-14 iliyomo, yaani kaboni yenye mionzi. Majaribio ya nyuklia yaliipandisha angani hadi kilele katikati ya miaka ya 1960, kisha ikashuka. Pima pete mbili au zaidi, maana kiwango kimoja kinaweza kuangukia kwenye mpando au kwenye mshuko.

Anayetaka kubisha aweke picha ya kijiti kilichopigwa msasa na grafu za miti mingine. Jedwali la Excel peke yake sijibu.