Bahati nasibu ya NBA inawadidimiza wanyonge, halafu tunaambiwa inawainua

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu kila ufikapo mwezi Mei wachambuzi wetu hurudia wimbo uleule kwamba bahati nasibu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, inayopanga timu zilizokosa mtoano zitachagua wachezaji chipukizi kwa zamu ipi, ipo ili kuwainua walio chini. Anayeamini hivyo naomba aanze kwa kunieleza yaliyowapata Detroit Pistons.

Msimu wa 2022/23 Detroit walishinda michezo 17 kati ya 82 na kumaliza mkiani mwa ligi nzima, katika mwaka ambao kila timu ilikuwa ikimtolea macho Victor Wembanyama, chipukizi aliyetarajiwa kuchaguliwa wa kwanza. Bahati nasibu ilipochezeshwa, kijana yule alikwenda San Antonio, nao Detroit wakaporomoka hadi nafasi ya tano, ambayo ndiyo ya chini kabisa ambayo timu ya mwisho inaweza kupewa. Msimu uliofuata walikuwa wabovu zaidi, wakaambulia ushindi mara 14 na kufungwa michezo 28 mfululizo, na malipo yao yakawa nafasi ileile ya tano. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Utah Jazz kumaliza wa mwisho na kutupwa hapohapo, huku Cooper Flagg, chipukizi aliyetarajiwa kuchaguliwa wa kwanza mwaka huo, akiangukia kwa Dallas Mavericks waliokuwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu wa kupata chaguo la kwanza. Hao ni Dallas waliocheza fainali mwaka 2024, na ambao miezi michache kabla ya bahati nasibu walimtoa nyota wao Luka Dončić kwa Lakers bila kulazimishwa na mtu. (Sisemi kwamba matokeo yalichakachuliwa; wenye hoja za njama wafungue uzi wao.)

Tatizo liko kwenye kanuni zenyewe. Hadi mwaka 2018 timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Kuanzia 2019 timu tatu za mkiani zinapewa asilimia 14 kila moja, na ile ya mwisho kabisa ina uwezekano unaokaribia nusu wa kuangukia nafasi ya tano. Kuanzia 2019 hadi 2025, miaka saba mfululizo, hakuna hata timu moja iliyoburuza mkia ikapata chaguo la kwanza.

Tuliambiwa mabadiliko hayo yangekomesha tabia ya timu kujifungisha makusudi. Yamekomesha nini? Aprili 2023 Dallas walitozwa faini ya dola 750,000 kwa kuwapumzisha wachezaji wao ili wasipoteze chaguo lao, ambalo lingekwenda kwa timu nyingine kama wangemaliza juu zaidi, na Machi 2025 Utah wakatozwa dola 100,000 kwa sababu ya kumweka nje nyota wao Lauri Markkanen. Ujanja umebaki palepale, na anayefungwa kwa sababu hana uwezo ndiye aliyepunguziwa fungu.

Tena hata ukibahatika, chaguo la juu peke yake halijengi timu, na Watanzania tuna ushahidi wetu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walipata nafasi ya pili wakamchukua kijana wetu Hasheem Thabeet, wakamwacha James Harden aliyechukuliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechukuliwa wa saba, ambao wote wawili walikuja kuwa nyota wakubwa. Tulishangilia sana, na mimi sijutii kushangilia. Lakini Memphis walipowatoa San Antonio katika mtoano wa 2011, waliowabeba ni Zach Randolph, aliyepatikana kwa kubadilishana wachezaji, na Marc Gasol, ambaye mwaka 2007 alikuwa chaguo la 48. Thabeet alikuwa ameshapelekwa Houston. Na Sacramento Kings, walioburuza mkia msimu ule wa 2008/09 kwa ushindi mara 17, walipewa nafasi ya nne, wakaendelea kuukosa mtoano hadi 2022.

Najua mtanitajia Cleveland, walioshinda bahati nasibu za 2011, 2013 na 2014. Sawa, Kyrie Irving alitokana na bahati hiyo, naye Andrew Wiggins ndiye aliyebadilishwa na Kevin Love. Lakini kuanzia 2011 hadi 2014 Cleveland hawakufuzu mtoano hata mara moja, mpaka LeBron James, nyota wao wa zamani, alipoamua mwenyewe kurudi nyumbani. Timu ngapi zilizo hoi zina LeBron wa kurudi?

Ninachodai ni kidogo. Timu ya mwisho isiteremshwe chini ya chaguo la pili, na timu iliyocheza fainali ndani ya misimu miwili iliyopita isiruhusiwe kabisa kuingia katika nafasi nne za juu. Anayeona dai hili si la haki aje na hoja, ila aanze kwa kunieleza ni nini Dallas walichostahili mwaka 2025 ambacho Utah hawakukistahili.